Bei Iliyopigwa Mstari

Walisema sitamaliza miezi sita. Mjomba wangu, karani wa siku nyingi katika ofisi moja ya mizigo pale Posta, alilisema mbele ya familia nzima wiki niliyorudi: "Kijana amekaa Sauzi miaka tisa, amerudi na diploma ya kelele." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana pilau tuliyokuwa tunakula ilikuwa ya kwake. Jirani mmoja akasema nitakuwa nimeshaziuza spika zangu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mwingine, niliyesoma naye darasa moja, alinieleza kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari mbaya, kwamba hakuna mtu atakayepanda ngazi za ghorofa tatu Kariakoo kwenda kurekodi sauti yake wakati simu aliyo nayo mfukoni inarekodi bure.

Naandika haya nikiwa katika chumba hicho hicho cha ghorofa ya tatu, na nje kuna watu wawili wamekaa ngazini wanasubiri zamu. Huko Sauzi, Afrika Kusini, nilikwenda kwa basi, nikavuka mipaka mitatu na begi moja. Mchana nilibeba spika kwenye harusi na mikutano ya injili, jioni nikasoma, na ada nililipa mwenyewe hadi senti ya mwisho. Diploma yangu ya uhandisi wa sauti nimeitundika mkabala na mlango ili mteja aione kabla hajaniona mimi. Wapo wanaosema ni majivuno. Wangekuwa nayo wao, wangeitundika barabarani.

Nilirudi nikidhani nitarekodi wanamuziki. Wiki ya kwanza tu nikagundua kwamba wanamuziki wana vipaji na hawana hela, wakati chini ya dirisha langu kuna mji mzima unaoongea tangu saa mbili asubuhi. Kariakoo kila meza ina spika yake. Mwenye mashuka ana kipaza sauti cha mkononi kimefungwa kwenye nguzo ya mwavuli, ndani yake kuna flashi, na flashi hiyo inarudia maneno yale yale kutwa nzima: mashuka, mashuka ya pamba, njoo ushike mwenyewe. Mwenye viatu hivyo hivyo. Mwenye sufuria hivyo hivyo. Wengi walikuwa wanajirekodi kwa simu, na unasikia honi ya pikipiki iliyopita siku ile ikijirudia kila nusu dakika kwa miezi mitatu. Nikashuka ngazi, nikawaambia wale watu kwamba mimi ninaweza kuitoa hiyo honi. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Leo ukipita Mtaa wa Kongo kutoka mwanzo hadi mwisho, sehemu kubwa ya kelele unayoisikia imepitia mikononi mwangu, na ni kelele safi.

Chumba kilianza kwa hela za watu watatu. Mzee mwenye duka la vitenge ghorofa ya chini, ambaye babu yake alikuja kutoka Arabuni na yeye mwenyewe hajawahi kulala nje ya Kariakoo isipokuwa alipokwenda Hija, alinikopesha kodi ya mwaka. Mjomba alinikopesha ya kompyuta, pamoja na hotuba. Kiasi kikubwa kuliko vyote kilitoka kwa dada yangu mkubwa, anayekaanga samaki soko la Feri. Yeye hakutoa hotuba. Alifungua pindo la khanga, akanihesabia, akasema, "Mimi nikizihitaji nitakwambia. Siku hiyo usinizungushe."

Sasa niseme juu ya udhaifu wangu, maana mtu anayejisifu bila kutaja udhaifu wake hasadikiki. Ugonjwa wangu ni plagini. Hizi ni programu ndogo unazozichomeka ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Moja inafuta mvumo wa feni, nyingine inaipa sauti uzito, nyingine inaifanya isikike kama imetoka ukumbini. Zinauzwa mtandaoni kwa dola, na karibu kila siku barua pepe inakuja: punguzo la asilimia themanini, kifurushi kizima, zimebaki saa kadhaa. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, kwa rangi nyekundu. Nikiwa mgeni wa mambo haya nilinunua kifurushi cha plagini arobaini kwa bei ya plagini tatu. Nikajiona mjanja. Mwaka ulipopita nikahesabu nilizozitumia, zikawa tatu. Nilikuwa nimenunua tatu kwa bei ya tatu, na nyingine thelathini na saba nimepewa zinijazie kompyuta.

Na hizo nilizozitumia, mwanzoni nilizitumia vibaya. Mwenye mashuka alikuwa mteja wangu wa kwanza wa maana. Nilimtengenezea tangazo kwa yote niliyojifunza kwenye mikutano ya injili: besi nzito, mwangwi unaokwenda mbali. Kwenye hedifoni zangu lilikuwa tangazo la kifalme. Kesho yake akapanda ngazi akihema.

"Prodyuza, mbona nasikika kama naongea nikiwa ndani ya pipa?"

"Tatizo ni spika yako, kaka. Ndogo sana."

"Spika ndiyo hiyo, na sina nyingine. Wewe ndiye uliyesoma. Ipe elimu yako ishuke hadi kwenye spika yangu."

Nilikasirika, lakini nilishuka naye. Nikasimama mbele ya mwavuli wake, nikalisikiliza tangazo langu la kifalme likigugumia kama maji kwenye bomba. Kile kipaza sauti hakina besi. Ukikipa besi kinasongwa. Na mwangwi mtaani upo tayari, majengo yanautoa bure. Nikarudi juu nikaondoa kila kitu cha chini, nikaacha sauti ya katikati peke yake, kavu, inayokata. Nilipolirudisha, mama mmoja aliyekuwa anapita upande wa pili wa barabara aligeuka. Tangu siku hiyo sikabidhi kazi kabla sijashuka na kuisikiliza pale pale itakapolia. Simjui prodyuza mwingine mjini hapa anayefanya hivyo, na kama yupo basi amejifunza kwangu.

Si kwamba ofa zote ni za kupuuza. Plagini ya kufuta kelele niliinunua kwa punguzo na ilirudisha gharama yake ndani ya wiki mbili, kwa sababu dirisha langu haliwezi kuizuia Kariakoo, na bila hiyo kila tangazo lingekuwa na mkokoteni ndani. Hiyo niliihitaji kabla sijaona bei yake. Hizo nyingine nilianza kuzihitaji baada ya kuiona bei, na tofauti hiyo ilinichukua muda kuijua.

Ikaja ofa iliyonipa homa. Kampuni iliyotengeneza plagini zangu kuu ilitoa toleo jipya la kifurushi chote. Kwa sisi wenye toleo la zamani kulikuwa na bei ya kupanda daraja, robo ya bei kamili, na bei kamili imeandikwa juu yake na kupigwa mstari katikati. Mwisho Jumapili. Nilisoma maelezo yote, nikatazama video za watu wakiisifu, nikapakua toleo la majaribio linalofanya kazi wiki mbili bila malipo. Nilipolifungua nikaona vioo vyake kwenye skrini, rangi zake, mishale yake inayocheza, nilijisikia kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

Na hela nilikuwa nazo. Maduka mawili makubwa ya nguo yalikuwa yamenilipa kwa matangazo ya sikukuu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilikuwa na fungu linalotosha kuwalipa wakopeshaji wangu wote watatu kwa mkupuo. Linatosha kwa hilo, halizidi. Jumatano ya wiki hiyo hiyo dada akanipigia.

"Mdogo wangu, ile siku imefika."

Mama aliyekuwa na meza karibu na mlango, ile ambayo kila anayetoka na samaki lazima aipite, alikuwa anarudi kwao Tanga. Alikuwa tayari kumwachia dada nafasi na vifaa vyote, jiko, makarai, meza yenye bati, mradi alipwe Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Dada alikuwa amekaanga kwenye kona ya nyuma miaka kumi na moja, mahali ambapo mteja humfikia akiwa ameshashiba harufu za wenzake.

"Asiponiona Jumamosi anampa mwingine," alisema. "Na huyo mwingine namjua, hana hata mkono wa kukaangia."

"Utazipata, dada."

"Zote?"

"Nitajitahidi," nikasema. Akasikia.

"We mtoto, nilikwambia usinizungushe," akasema, akakata simu.

Hesabu niliyokuwa naifanya kichwani ilikuwa hii: nikinunua lile toleo, fungu la dada linapungua theluthi. Nitamalizia mwezi ujao. Nitamwambia yule mama wa Tanga asubiri. Toleo jipya litaniletea wateja wakubwa zaidi, redio labda, na dada mwenyewe atafaidika. Mtu akitaka kununua kitu, hesabu zake huwa nzuri sana.

Alhamisi asubuhi nilishuka na simu mkononi hadi kwa mzee wa vitenge. Sikwenda kuomba ushauri, nilikwenda kuomba anikubalie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Una uso wa mtu anayetaka kutoa hela."

Nikamwonyesha ile ofa. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Kiingereza chake ni cha namba, lakini cha namba anakijua kuliko mimi.

"Hii iliyopigwa mstari ndiyo bei yenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Wanaipunguza hadi hii ya chini."

"Umewahi kumwona mtu aliyeilipa hii ya juu?"

Nikafikiri. Kwenye makundi yote ya maprodyuza niliyomo, hapa na Sauzi, sikumkumbuka hata mmoja.

"Basi hiyo si bei, mwanangu. Hiyo ni ya kuanzia mazungumzo. Mimi mteja akiingia namwambia kitenge hiki elfu arobaini, na moyoni nimeshakiuza ishirini na tano. Akitoka na ishirini na tano anamsimulia mkewe alivyoniumiza." Alinirudishia simu. "Na hiyo saa nyekundu, ikifika mwisho duka linafungwa?"

"Hapana. Ofa ndiyo inakwisha."

"Ikishakwisha hairudi?"

Hapo nikafungua barua pepe za zamani, pale pale juu ya majora ya vitenge. Ofa za kampuni ile zilikuwa zimejaa. Mwezi wa pili, siku ya mwisho. Mwezi wa tano, siku ya mwisho. Mwezi wa saba, siku ya mwisho imeongezwa kwa sababu ya maombi ya wateja. Nimezaliwa mtaani hapa. Winga, yule dalali anayekudaka njiani na kukuingiza kwenye duka lisilo lake kwa kukwambia mzigo umebaki mmoja, hajawahi kunipata hata mara moja tangu nipate akili. Na mimi huyo huyo nilikuwa nimedakwa na winga wa mtandaoni ambaye hata jasho hanuki.

"Sikukatazi," mzee alisema. "Kama ni kizuri kinunue. Lakini usikinunue kwa sababu ya saa."

Swali likabaki moja tu, je, ni kizuri? Mimi masikio yangu yalisema ndiyo. Nikasema nitalipima kisomi. Nilichukua tangazo jipya la mwenye mashuka, nikalitengeneza mara mbili, mara moja kwa plagini zangu za zamani na mara moja kwa toleo jipya la majaribio, ukubwa wa sauti sawa sawa, maana sauti kubwa kidogo humdanganya mtu akadhani ni nzuri zaidi. La plagini za zamani kwenye flashi nyekundu, la toleo jipya kwenye flashi ya bluu. Ijumaa baada ya sala, mtaa ulipojaa tena, nikashuka.

"Chagua moja," nikamwambia mwenye mashuka. Hakuambiwa ipi ni ipi.

Akacheza nyekundu, akacheza bluu, akarudia.

"Si ni kitu kimoja hiki?"

"Sikiliza vizuri, kaka. Moja ina hewa zaidi. Ina nafasi."

"Hewa gani, bro? Hapa tuko kwenye jua." Akamwita jirani yake wa sufuria. "Hebu njoo, prodyuza anauza hewa."

Wa sufuria akasikiliza, akachagua nyekundu, kwa sababu, alisema, nyekundu ni rangi ya timu yake. Nikawaambia kwamba wao hawakusomea, mimi ninaweza kuitaja bluu hata nikifumbwa macho. Sikupaswa kulisema hilo mbele ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Ndani ya dakika moja walikuwa wamenifunika uso kwa shuka jipya la maua, watu wamesimama kutazama, na mwenye mashuka ameinama nyuma ya meza kubadilisha flashi.

Nilisikiliza kwa umakini wote wa miaka tisa. Honi, mikokoteni, wabeba mizigo wanaosema pisha pisha, na katikati ya hayo yote sauti ya mashuka. Mara ya kwanza nikasema bluu. Ilikuwa nyekundu. Mara ya pili nikasema nyekundu, ilikuwa nyekundu. Mara ya tatu nikasema bluu kwa uhakika kabisa, nikaeleza hadi kwa nini, jinsi herufi za mwisho zinavyopumua. Wakanifunua. Mwenye mashuka alikuwa ameshika flashi ya bluu mkononi. Nyekundu ndiyo ilikuwa inalia, na haikuwa imetolewa tangu mwanzo.

"Sasa kama wewe mwenye karatasi ukutani hujui," alisema, "mama wa Mbagala anayetafuta shuka la kitanda cha futi tano atajua?"

Watu wakacheka sana. Nilicheka nami, na sikulazimisha. Nikiwa nimesimama pale na shuka begani nililiona jambo ambalo video za sifa zisingenionyesha kamwe: kilichokuwa kinasikika vizuri mtaani ni uamuzi wangu wa kuondoa besi na kuiacha sauti kavu. Uamuzi huo ulikuwa kwenye flashi zote mbili. Haukuuzwa na mtu. Nilikuwa nao tayari, na niliupata kwa kushuka ngazi.

Nilipopanda juu nilimalizia uchunguzi kwa kusoma yale maandishi madogo ambayo wiki nzima nilikuwa nayaruka. Toleo kamili lilitaka kompyuta mpya kuliko yangu. Toleo la majaribio lilikubali kwenye yangu, lakini masasisho ya baadaye yasingekubali. Kwa hiyo ile robo ya bei ilikuwa mlango tu, na nyuma yake kulikuwa na kompyuta, na nyuma ya kompyuta plagini zangu tatu za zamani ambazo huenda zingekataa kufanya kazi humo. Nikalifuta toleo la majaribio. Halafu nikampigia dada.

"Zote," nikamwambia. "Kesho kabla ya saa nne."

"Nani kakutia akili?"

"Akili ninayo siku zote."

"Haya, njoo nayo basi."

Jumamosi saa mbili asubuhi, mzee wa vitenge alipokuwa anafungua makufuli, nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Nilimpa kodi yake ya mwaka ndani ya bahasha. Hakuihesabu. Alisema anayehesabu mbele ya mtu anamwambia hamwamini, akaiingiza kwenye droo, kisha nilipogeuka nikasikia anahesabu. Aliniuzia kitenge kwa bei ambayo alidai ni ya hasara.

Nikaenda Posta kwa miguu, maana asubuhi ile miguu ilikuwa inataka kutembea. Mjomba alikuwa zamu ya Jumamosi, nyuma ya dirisha la kioo na mafaili yake. Nikampitishia bahasha kwenye kitundu cha chini kama mteja. Yeye alihesabu, mara mbili, akalowesha kidole kila mara, akaniandikia stakabadhi yenye mhuri wa tarehe. Akaniuliza kama ninaweza kurekodi tangazo la ofisi yao, la kuwaambia watu wapange foleni. Nikamwambia bei yangu. Akasema ni kubwa. Nikamwambia hiyo ni ya kuanzia mazungumzo.

Saa nne kasoro nilikuwa Feri. Dada alikuwa amesimama na yule mama wa Tanga kando ya ile meza ya mlangoni, wote wawili wamekunja mikono kama watu wanaosubiri maiti. Aliponiona alinyoosha mkono. Alipokea, akahesabu sauti ikisikika, akamhesabia mwenzake, na yule mama akamhesabia dada makarai, jiko, koleo na bati, kimoja kimoja, akavua hadi aproni yake akamwachia. Wakakumbatiana. Mama akaondoka na kapu moja tu.

Dada aliwasha moto papo hapo. Hakutaka kungoja Jumatatu. Mafuta yalipochemka aliingiza vibua vinne, na kabla havijageuka rangi watu wawili waliokuwa wanatoka walikuwa wameshasimama mbele ya meza wakiuliza bei. Nikavuta kiti cha plastiki nikakaa nyuma yake, sidaiwi na mtu yeyote katika mji huu, na vilipoiva nikanyoosha mkono nikachukua kibua kimoja chenye moto.

"Elfu mbili," dada alisema bila kugeuka.

"Dada, hata mimi?"

"Deni lako limekwisha. Hicho ni deni jipya."

Nikatoa elfu mbili, nikala.